Nilimnyima mama zabibu, nikamwachia balungi

Kwa miezi minne mama yangu hakuonja zabibu hata moja, na aliyemkataza ni mimi. Sikumkataza kwa ubaya. Nilisoma karatasi ya dawa, nikafasiri neno moja visivyo, basi. Neno lenyewe likanitia aibu ambayo mpaka leo dada zangu wanaipasha moto kila tunapokutana. Nimeona bora niiandike mwenyewe kabla hawajaieneza Tororo nzima, pamoja na niliyokuja kuyajua kuhusu tunda hilo, maana tangu siku ile nimelisoma kuliko nilivyosoma kitu chochote baada ya kuacha shule.

Mimi nauza spea za magari Kisekka, Kampala. Wateja wangu wengi ni Wakongo wa Bunia na Beni, watu wa Juba, na madereva wa malori kutoka Kenya, kwa hiyo Kiswahili kinashinda mdomoni kutwa nzima. Kusoma Kiingereza cha kwenye maboksi na kumweleza mtu kwa Kiswahili nafanya mara ishirini kwa siku: hii ni ya mbele kushoto, hii ya dizeli, hii kaka haiingii kwenye gari lako hata ukiipiga nyundo. Nimezoea kuaminiwa. Hapo ndipo palipokuwa pabaya.

Mama anaishi Tororo, mashariki mwa Uganda. Kwao ni Mombasa. Aliolewa mwaka 1972 akaletwa huku, baba akiwa fundi wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, na Tororo ni njia panda: reli inayotoka Mombasa inagawanyika pale, moja inaelekea Kampala, nyingine inapanda Mbale na Soroti. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wenzake wengi walifunga mizigo wakarudi kwao. Baba alibaki. Alikuwa keshapanda miti, na mtu aliyepanda miti haondoki ovyo. Mmoja wa miti hiyo ni mbalungi ulio nyuma ya jiko, umezeeka, umeinama upande mmoja kama mzee anayesikiliza umbea, lakini unazaa mpaka matawi yanagusa bati.

Mwaka jana presha ya mama ilipanda, akaanzishiwa nifedipini. Nilipokwenda kumwona akanipa ile karatasi inayokuja imekunjwa ndani ya boksi la dawa, maandishi yake madogo kama sisimizi waliopangwa mstari.

"Babangu, hebu nisomee. Wameniandikia nini hawa?"

Nikavaa miwani, nikakohoa kidogo, nikaanza. Nikafika pahali pameandikwa kwamba anayetumia dawa hii asile grapefruit wala asinywe maji yake. Mimi huyo, bila hata kusita: "Mama, hapa wanasema usile zabibu. Wala juisi yake usinywe."

"Zabibu?"

"Zabibu."

"Hata zile kavu za kwenye tambi?"

Nikafikiri kama hakimu. "Hata kavu."

Mtu wa pwani umwambie tambi za Idd bila zabibu ni sawa na kumwambia pilau bila bizari. Mama akanyamaza, akasema dawa ni dawa, na Idd ile tukala tambi nyeupe kama za hospitali. Wajukuu wakalalamika. Mimi nikawajibu kwa sauti ya msomi kwamba afya ya bibi yenu ni muhimu kuliko zabibu.

Na kwa kuwa alikuwa amenyang'anywa tunda moja, akajipoza kwa jingine. Kila asubuhi alikata balungi mbili za nyuma ya jiko, akakamua, akamezea kidonge chake kwa glasi nzima ya maji yake. Uchungu wake aliuona kama dalili ya kwamba yanafanya kazi. Kuna Jumapili nilimkamulia mimi mwenyewe.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kulalamika kichwa. Uso unawaka. Miguu ikavimba mpaka kandambili zikaacha alama. Asubuhi moja alisimama kutoka kwenye mkeka akaona ukuta unazunguka, akashika mlango. Dada yangu akampeleka kliniki, na pale wakampata muuguzi mmoja mtu mzima ambaye badala ya kukimbilia kuandika, aliuliza maswali. Dada alinipigia simu wakiwa mbele yake, sauti ameifungulia, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa dukani na rejeta ya mtu mkononi.

"Mama, dawa unameza na nini?"

"Na maji ya balungi."

Kimya.

"Balungi? Karatasi ya dawa hukuisoma?"

"Nilisomewa. Wamekataza zabibu, nami tangu siku ile sijagusa."

"Nani alikwambia zabibu?"

"Mwanangu. Yule wa Kampala. Anajua Kiingereza sana."

Nilitamani laini ikatike.

Kwa Kiingereza hayo ni majina mawili yanayofanana: zabibu ni grape, balungi ni grapefruit. Inasemekana balungi walilipa jina hilo kwa sababu linaning'inia mtini kwa vichala kama zabibu. Kwa ukoo halihusiani na zabibu kabisa: balungi ni la jamii ya machungwa na malimau. Kiswahili kilishayatenganisha zamani, balungi ni balungi na zabibu ni zabibu, na mtoto wa Kisauni kule Mombasa hawezi kuyachanganya. Mimi nikayachanganya kwa kuwa na Kiingereza.

Hili la balungi na dawa liligunduliwa kwa bahati, na hadithi yake naipenda. Mwaka 1989 huko Kanada, kwenye mji unaoitwa London wa Ontario, David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza kama pombe inaingiliana na dawa ya presha iitwayo felodipini, ambayo ni ndugu wa damu wa hii ya mama. Ili watu wasitambue kama wamepewa pombe au hawakupewa, wakaificha ladha yake ndani ya juisi ya balungi. Wakakuta dawa imejaa kwenye damu kuliko inavyotakiwa, kwa waliopewa pombe na kwa wasiopewa vilevile. Mwenye kosa hakuwa pombe.

Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Watengenezaji wanakijua, na kipimo cha kidonge wamekipanga wakijua kiasi fulani kitapotelea pale. Balungi lina kemikali zinazokizima. Fikiria mpaka wa Malaba, kati ya Kenya na Uganda, siku ambayo hakuna anayekagua malori: yote yanaingia kwa mpigo. Na haisaidii kunywa juisi asubuhi na dawa jioni, kwa sababu kimeng'enya kikishazimwa mwili unapaswa kutengeneza kipya, na hilo huchukua siku nzima au zaidi. Danzi, lile chungwa chungu, nalo lina tabia hiyohiyo. Chungwa tamu halina. Zabibu haina. Na si dawa za presha peke yake. Baadhi ya dawa za kolesteroli zimo. Muuguzi alisema miguu kuvimba hata nifedipini yenyewe yaweza kuleta, lakini balungi lilikuwa linamwongezea mama kipimo kila asubuhi bila daktari kuandika. Aliliacha, na baada ya wiki mbili kandambili zikawa zinamtosha.

Jumamosi iliyofuata nikapanda soko la Nakasero, Kampala, kununua fidia.

Zabibu za Nakasero siku ile zilikuwa kwenye vile vipakiti vya plastiki vyenye matundu, nusu kilo kila kimoja, boksi limeandikwa Afrika Kusini. Shilingi 12,000 kimoja. Mama muuzaji alikuwa na kitambaa chenye maji, anazipangusa moja moja mpaka zinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride.

"Onja ssebo, tamu."

Nikaonja, tamu kweli, lakini nikanunua za kipakiti ambacho hakijapanguswa. Ule unga mweupe unaofanya zabibu nyeusi ionekane kama imepuliziwa vumbi, watu wengi hudhani ni dawa ya kuulia wadudu. Ni nta ya tunda lenyewe. Inalizuia lisikauke na inazuia vijidudu kuingia. Ukiikuta bado ipo, tunda halijashikwashikwa sana. Tazama na kikonyo: kikiwa kijani na kinapinda, zimechumwa karibuni, kikiwa cha kahawia na kinavunjika kama kijiti cha kiberiti, zimesafiri sana. Na usinunue chachu ukitumaini zitaiva nyumbani kama embe au bogoya, ile ndizi tamu. Zabibu ikishachumwa haiongezi utamu hata tone, itasinyaa tu.

Kuziosha, ziosheni kwa maji yanayotiririka, lakini wakati wa kula. Ukiziosha zote kisha ukazifungia friji zikiwa mbichi na maji, kesho kutwa utakuta ukungu katikati ya kichala, pale ambapo jicho halifiki. Dawa za shambani zipo pia kwenye zabibu za biashara, nta au si nta, kwa hiyo kuosha si hiari.

Nikafika Tororo na vipakiti viwili vimekaa mapajani toka Kampala kama mayai. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesubiri maelezo. Nikamweleza yote, kimeng'enya, Kanada, Malaba. Akasikiliza. Halafu akachukua zabibu moja, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akaanza kuimenya.

Kuimenya! Kwa kucha, taratibu, ganda jeusi linatoka vipande vipande, linabaki donge la rangi ya maji ya mchele lenye mishipa myembamba ndani. Akalitia donge mdomoni na ganda akaliweka kando ya sahani. Alipofika ya saba nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ulichotupa ndicho kilicholipiwa nauli."

Sasa hapa ndipo niingie kwenye lishe yenyewe, na nitasema wazi kwamba nimekasirishwa na mengi niliyoyasoma mtandaoni. Kila ukurasa unakwambia zabibu zina vitamini C tele. Si kweli. Gramu 100 za zabibu zina miligramu 3 au 4 za vitamini C. Gramu 100 za mapera, haya yanayooza chini ya miti Busoga nzima na watoto wanayarushiana, zina zaidi ya 200. Papai lina kama 60. Mtu anayepanda bodaboda mpaka Nakasero kununua zabibu ili apate vitamini C amepita juu ya mapera njia nzima.

Kilichomo katika gramu 100 ni hiki: maji kama 81, sukari kama gramu 15 na nusu, nyuzinyuzi chini ya gramu 1, protini na mafuta karibu hakuna, na kalori 69 hivi. Potasiamu ipo, kama miligramu 191, na potasiamu ni rafiki wa mwenye presha kwa sababu husaidia figo kutoa chumvi mwilini. Lakini bogoya ina 358, na nauli yake ni ya kutoka Masaka, si Cape Town. Tena mwenye figo mbovu potasiamu asiikimbilie bila kumuuliza daktari wake. Vitamini K ipo kiasi, mikrogramu 14 hivi, ambayo inasaidia damu kuganda unapojikata. Dodo, yaani mchicha, na sukuma wiki wanaipita mbali sana. Shaba ipo kidogo, B6 ipo kidogo. Ukiziweka zabibu kwenye mizani ya vitamini peke yake, ni tunda la kawaida tu lililovaa suti.

Nguvu yake iko kwenye ganda. Ule weusi na wekundu ni rangi ziitwazo antosianini, na pamoja nazo kuna jamaa wengine wa kundi kubwa la kemikali za mimea liitwalo polifenoli, wengi wakiwa kwenye ganda na kwenye kokwa, wachache sana kwenye nyama. Mmea unavitengeneza kwa ajili yake, kujikinga na jua kali na ukungu. Sisi tukivila, utafiti unaonyesha vinasaidia mishipa ya damu kulegea na kupanuka vizuri na kupunguza aina fulani ya uharibifu wa chembe za mwili. Ndiyo maana mama akimenya napata uchungu. Anakula maji ya sukari na kutupa duka la dawa.

Ila hapo penyewe kuna shimo la kutumbukia, nalo linaitwa resveratroli. Ni mojawapo ya hizo polifenoli za ganda, na ukitafuta faida za zabibu utakutana nayo mstari wa kwanza: inazuia uzee, inatibu moyo, inafanya hivi na vile. Umaarufu wake ulianza miaka ya 1990, watu walipojiuliza kwa nini Wafaransa wanakula siagi na jibini lakini mioyo yao haisumbuki sana, jibu likaelekezwa kwenye mvinyo mwekundu. Mama yangu mvinyo haugusi na mimi simgusishi, kwa hiyo hilo kwetu liliishia hapo. Lakini hata nje ya mvinyo, majaribio mengi ya resveratroli kwa binadamu hutumia miligramu mamia kwa siku, wakati lita nzima ya mvinyo mwekundu ina miligramu chache tu. Hakuna tumbo la kula zabibu za kufikia pale. Na mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kilitangaza kwamba mtafiti wake aliyekuwa maarufu kwa habari hizo za resveratroli, Dipak Das, alikuwa amebuni na kugeuza takwimu katika machapisho yake mengi. Wauza vidonge wa mitaani ukiwaambia hilo wanakutazama kama umewatukana mama zao.

Kwa hiyo zabibu ni chakula, zisitazamwe kama kidonge. Hilo nimelikubali kwa moyo mmoja.

Dada yangu, huyohuyo aliyefungulia simu sauti, ana sukari. Alipoona vipakiti mezani akasema, "Hizo si zangu, hizo ni sukari tupu." Nilikuwa sitaki tena kumkataza mtu wala kumruhusu mtu kwa mdomo wangu, lakini hapa nilikuwa nimesoma, tena mara tatu. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walichapisha katika jarida la tiba la BMJ uchambuzi wa Wamarekani 187,382 waliofuatiliwa miaka mingi. Walitazama nani alikuja kupata kisukari cha aina ya pili na alikuwa anakula matunda gani. Waliokula zabibu, mbichi au kavu, mara tatu kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia kama 12. Waliokunywa juisi ya matunda, hatari iliongezeka kidogo, kama asilimia 8. Tunda zima lilikuwa upande mmoja na juisi upande mwingine.

Haina maana kwamba zabibu zinatibu. Uchambuzi wa aina hiyo unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, na mtu anayekula matunda huenda pia anatembea kwa miguu na havuti sigara. Tena wale walikuwa hawajapata sukari bado, dada yangu anayo. Lakini tofauti ya tunda na juisi inaeleweka hata bila kusoma. Nilihesabu kipakiti kimoja: zabibu 94 ndani ya nusu kilo. Sukari yake ni gramu 77 hivi, kama vijiko vya chai kumi na tisa. Ukizitafuna 94 utachoka taya na utashiba njiani. Ukizisaga na kuchuja, zinaingia glasi mbili, unazimaliza unapojibu ujumbe wa simu, na ganda limebaki kwenye chujio.

Kipimo wanachopewa wagonjwa wa sukari sehemu nyingi ni zabibu ndogo kama 17, ambazo zina wanga wa gramu 15 hivi. Hizo tulizonunua zilikuwa kubwa kidogo, dada akahesabu kumi na tano, akazila baada ya chakula, akapima kwa kile kimashine chake baada ya saa mbili. Namba hakuniambia. Alisema tu, "Afadhali kuliko soda yako." Nimeichukua kama pongezi.

Zabibu kavu ni hesabu nyingine. Maji yameondoka, sukari imebaki: gramu 100 zina kalori karibu 300, na sukari kama gramu 60. Potasiamu nayo imejikusanya, miligramu 749, na nyuzinyuzi zimeongezeka. Konzi moja ya kavu ni kichala kizima kilichosinyaa, na mkono hauoni tofauti. Mama anaziloweka kwenye maji ya moto mpaka zinafura, halafu anazikaanga kidogo kwa samli kabla ya kuzimwaga kwenye tambi. Anatumia konzi moja kwa sufuria ya watu kumi. Kwa kipimo hicho, sioni wa kudhurika isipokuwa yule anayezichokoa zote kwa kijiko kabla sahani haijafika kwa wengine, na jina lake sitalitaja kwa sababu anasoma ukurasa huu.

Kuna jambo moja tu nililolifanya siku ile ambalo siombi radhi nalo. Mtoto wa dada ana miaka mitatu, alikuja mbio akataka zabibu, na mama akamnyooshea nzima. Nikaidaka mkononi. Zabibu nzima ni laini, ya duara, inateleza, na ukubwa wake unalingana kabisa na njia ya hewa ya mtoto mdogo. Ikikaa pale inaziba kama kizibo cha chupa na kuitoa ni kazi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ikate kwa urefu, vipande vinne, si kwa upana. Nikachukua kisu nikakata ishirini pale pale huku mama ananiangalia. "Leo umeijua kweli au umeisoma?" akauliza. Nikamwambia nimeisoma. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Vipakiti viwili viliisha jioni ileile. Mama akauliza bei, nikamtajia, akarudia ile namba mara mbili, halafu akasema, "Na zambarau zile za kwa jirani je?"

Sikuwa nimefikiria. Zambarau, hizi ambazo Kampala tunaziita jambula, zile zinazopaka ulimi wa kila mtoto wa shule rangi ya wino zikianza kuanguka. Nikaingia kwenye simu kutafuta. Weusi wake ni antosianini vilevile, na mojawapo, malvidini, ndiyo hiyohiyo iliyotawala kwenye ganda la zabibu nyeusi. Ganda la zambarau halimenyeki, hata mama hawezi, kwa hiyo linaliwa lote. Ukakasi ule unaokausha mdomo ni tanini, nazo ni jamaa wa kundi lilelile. Zambarau haina utamu wa zabibu, haikai friji siku tatu, na hutaiona kwenye kipakiti chenye matundu. Lakini mwaka huu zikiiva sitapanda Nakasero. Nitapeleka ndoo kwa jirani, na nina hakika hatanitajia 12,000.

Mbalungi bado upo nyuma ya jiko. Nilipendekeza ukatwe, dada zangu wakanitazama, nikaacha. Yakianguka sasa yanaliwa na mbuzi wa jirani, anayatafuna na maganda yake yote. Mama huwa anamtazama kutoka mlangoni, kidonge kimoja mkononi na glasi ya maji matupu, anasema mwacheni ale, yeye hana presha.